Mkono wa Klachi

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nilizaliwa katika milima ya Kivu Kusini, nikakimbilia Uganda nikiwa kijana, na leo naishi Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na mke wangu na watoto wetu. Kabla ya ugonjwa sikujua hospitali ilivyo ndani. Niliamka mapema, nikakamua, nikapeleka ng'ombe malishoni, na Jumapili niliimba sauti ya chini katika kwaya. Nawaandikia ninyi mliolala mkitazama mabati, pamoja na wale wanaowauguza.

Kiharusi kilinianzia mdomoni. Nilikuwa nanywesha ng'ombe kando ya ziwa. Sisi huwapigia mluzi wakinywa, ili watulie. Siku hiyo nilikunja midomo nikapuliza, na badala ya mluzi yakatoka mate. Nikajaribu tena. Upande wa kushoto wa mdomo haukunitii. Kisha fimbo ikaanguka, ingawa sikuwa nimeiachia. Nilipoinama kuiokota, mguu wa kushoto ulikunjika kama kitambaa kilicholowa, nikaanguka kifudifudi kwenye matope. Akili ilikuwa timamu. Nilisikia ng'ombe wakiendelea kunywa.

Wenzangu walinibeba hadi nyumbani. Jirani mmoja akasema ni upepo mbaya, nipakwe mafuta na kufunikwa blanketi. Pasta wetu alipofika, aliomba maombi mafupi sana, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama Rebeka, Mungu hasikie hapa tu. Hata ku hospitali anasikiaka. Tuende."

Tulipelekwa Mbarara. Daktari alisema presha ilikuwa imepanda mno na mshipa wa damu kichwani umeziba. Akauliza kama nimewahi kupimwa presha. Mke wangu alijibu kwa niaba yangu kwamba hapana, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa mzito kama nyama ya mtu mwingine.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Maji niliyonyweshwa yalirudi kupitia puani. Nilijikojolea, na mke wangu alinibadilisha nguo kama mtoto mchanga, wagonjwa wengine wakitazama. Vidole vya mkono wa kushoto vilijikunja hadi kucha zikachubua kiganja. Mguu ulianza kurudi kabla sijaruhusiwa kutoka, nikajifunza kutembea nikiushika ukuta. Mkono ulikataa.

Dada aliyetufundisha mazoezi aliufungua kidole kimoja kimoja. "Mkono huu haujafa," alisema. "Umesahau kazi. Ukumbushe kila siku, kwa kazi inayotaka mikono yote miwili pamoja. Nyumbani mna kazi gani ya namna hiyo?"

Mke wangu alifikiri. "Iko kusuka maziwa," akasema. Kisha akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Lakini ile ni kazi ya banamuke."

Ni kweli. Kwetu mwanamume hukamua, lakini kutikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ijitenge ni kazi ya mwanamke. Sikuwahi kumwona baba yangu akikigusa kibuyu hicho, wala babu yangu.

Tuliporudi Kashojwa, mke wangu alitandika mkeka mbele ya mlango, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza. Akaweka kibuyu juu ya mapaja yangu na kuufunga mkono wangu wa kushoto kwenye shingo ya kibuyu kwa kipande cha kitenge. Nikaanza: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Mkono wa kulia ulivuta na wa kushoto ukaburutwa kama abiria. Jasho lilinitoka, bega likawaka moto.

Jirani yetu Muhoza, mchunga ng'ombe mwenzangu, alisimama njiani. "Mama Rebeka! Ulipata binti wa kazi? Mbona iko na ndevu?"

Watu wakacheka. Mke wangu hakuinua hata kichwa. "Muhoza, kama unataka kucheka, kuja ukae. Kibuyu ingine iko. Tutaona kama utamaliza."

Muhoza akapita. Nami nikaendelea, siku hiyo na kila siku. Asubuhi moja, baada ya miezi mingi, maziwa yalianza kuwa mazito, kibuyu kikabadilisha sauti, nikasikia vidole vyangu vya kushoto vikishika vyenyewe. Nikamwita mke wangu afungue kitambaa. Akafungua. Mkono haukuanguka. Alikaa chini pale pale mkekani akalia, kisha akaniambia nisisimame, siagi bado haijatoka.

Mdogo wangu Gedeoni anaishi Ruti, Mbarara. Alikuwa amenunua pikipiki kuukuu na kuiacha kwetu, ili ibebe maziwa kutoka vilimani. Klachi ya pikipiki iko kushoto. Asiyeweza kuibana na kuiachia polepole hawezi kuondoka hata hapo alipo. Daktari alinipima macho, mguu na mkono, akaniruhusu kujifunza. Nilijifunza kwenye kiwanja cha kanisa, nikapata leseni, nikazunguka Kashojwa tu. Ndipo Gedeoni akapiga simu.

"Kaka, hii pikipiki ni ya kazi, haiko ya kuzunguka kanisa. Samedi uilete Ruti wewe mwenyewe. Ukifika, ibakie kwako. Ukishindwa, nitaipa mutu mwingine."

Jumamosi niliondoka asubuhi. Mke wangu aliifunga kofia yangu ya chuma kidevuni. "Usikimbie," alisema. "Na usirudi ukibebwa."

Vumbi, mashimo, ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka bila haraka. Kwenye mlima lori lilisimama mbele yangu, nikalazimika kusimama pia. Nilibana klachi, nikaishikilia, nikaiachia kidogo kidogo. Injini ilikohoa, kisha ikapanda. Nilipiga kelele ndani ya kofia, peke yangu.

Nilipofika kwenye lami, polisi wa barabarani alininyooshea mkono.

"Mzee, simama! Permit iko wapi?"

"Iko hapa, afande."

"Kwa nini mkono inatetemeka? Umekunywa waragi asubuhi hii?"

"Hapana, afande. Mimi ni mulokole. Nilipigwa kiharusi."

"Sitroki? Na unaendesha?"

"Daktari aliniruhusu."

"Daktari si trafiki. Zunguka hii gari yetu mara mbili, polepole, bila kuweka mguu chini. Nione."

Kwenda polepole ndiko kunakotaka klachi kuliko kukimbia. Niliibana nusu, nikazunguka gari lao mara mbili. Mwenzake alipiga makofi. Afande alinirudishia leseni, lakini hakuiachia mara moja.

"Baba yangu alipata hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa analala tu, anaangalia ukuta. Wewe ulifanya nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kibuyu alinikazia macho. Yeye ni Munyankore, na kwao pia ni watu wa ng'ombe.

"Kusuka? Wewe mwanaume?"

"Mimi mwanaume."

"Na watu waliona?"

"Kijiji kizima."

Alicheka, kisha akaniachia leseni. "Baba atakataa."

"Mwambie ulimuona mutu akizunguka gari yenu."

Gedeoni alinikuta nje ya geti lake, Ruti. Alichungulia barabarani nyuma yangu. "Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

Akanikumbatia na kofia yangu kichwani. Pikipiki iko Kashojwa, na kila asubuhi naipakia madumu ya maziwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru pasta aliyejua kufupisha maombi, yule dada wa mazoezi, na mke wangu, ambaye sina neno linalomtosha. Nanyi nawashauri hivi: pimeni presha hata kama hamuumwi kitu, na dawa mliyopewa msiiache siku mnapojisikia vizuri. Mimi nameza yangu mpaka leo. Mdomo ukipinda, au mkono ukiachia kitu bila ruhusa yako, kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo. Na wewe mwanamume mwenzangu, kama kazi itakayokuponya ni ya wanawake, ifanye mlangoni, mchana, watu wakiona.