Kitufe cha Kusimama

Binti yangu aliacha kazi ya mapokezi katika hoteli moja kule Andilana, akarudi kwangu Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, kutengeneza mchezo wa kompyuta. Peke yake, bila kampuni. Ni mchezo wa mashindano ya magari, lakini huendeshi: wewe ndiye mkuu wa timu. Unachagua dereva, matairi na mafundi, kisha unakaa roho juu. Alikuwa ameahidiana na mumewe: Ramadhani ikiingia mchezo haujaisha, anarudi hotelini. Mumewe si mtu mbaya. Kachoka tu, kama sisi sote.

Mimi ndiye niliyekuwa naujaribu. Shule sikufika mbali. Nyumbani tunasemezana Kikomoro na Kimalagasi, na hiki Kiswahili ninachoandikia nilikiokota kwa walimu wa chuo cha Kurani na wazee wa biashara. Lakini magari nayajua. Miaka ile ya sabini ikielekea ukingoni, Wakomoro wenzetu wengi walipoikimbia Mahajanga baada ya yale mauaji, mimi nilivuka bahari nikaenda Andoany, kisiwani, nikafanya kazi gereji. Mwenye gereji alifuga kasuku aliyetukana wateja kwa Kifaransa, na wateja wakidhani ni... ah, tuiache hiyo.

Basi siku moja, mchezoni, gari la timu nyingine likaharibika njiani. Nikamwuliza binti yangu, "Kitufe cha kusimama kiko wapi?"

"Kusimama kufanya nini, Baba?"

"Kumsaidia. Utampitaje mtu kafungua boneti?"

"Haya ni mashindano!"

"Na yeye si mtu?"

Barabara zetu, masika yakizifumua, hakuna anayempita mwenzake. Hata hasimu wako utamshukia, umtukane huku unamshikia spana. Binti akacheka, akakiweka kitufe. Tena akakinogesha: anayesimama anapata heshima, na mwenye heshima anafuatwa na mafundi hodari.

Shaabani ikiwa katikati, akawaita vijana wa mtaani wacheze pamoja, kila mmoja na timu yake. Gari la kwanza likakwama. La pili likasimama. La tatu likaona haya, likasimama. Wote chini. Likitengenezwa hilo, linaharibika jingine, wote chini tena, mpaka magari yakaishiwa mafuta porini na hakuna aliyeuona mwisho wa safari.

"Bakoko," kijana mmoja akaniita, maana ndivyo tunavyowaita babu zetu, "nani kashinda?"

"Pori," akadakia mwenzake. "Pori limewashinda wote."

Wakacheka hadi machozi. Binti yangu hakucheka.

"Kitoe," nikamwambia.

"Hakitoki hivihivi, Baba. Heshima imeshikana nacho, mafundi wameshikana na heshima, mshahara umeshikana na mafundi. Nikivuta kimoja, vyote vinaanguka."

Akafumua, akashona, akafumua tena. Umeme ukikatika, anakaa tu, mikono mapajani. Macho yalimwingia ndani. Mwezi ukaandama, mchezo bado.

Nikamsindikiza kwenye magari ya abiria, kompyuta kaipakata kama mtoto mwenye homa.

"Ukifika, pumzika kwanza," nikamwambia. "Mambo ya mchezo baadaye."

"Nitapumzikaje, Baba," akasema, "na magari yote yale nimeyaacha njiani?"

Nilimfungia mlango wa gari, maana kitasa kilikuwa kibovu.