Waya wa Makaburini

Miji siku hizi inawagombania vijana wa kompyuta kama wachumba wanaomposa msichana mmoja. Kigali iliwaahidi nyumba, Nairobi ofisi za bure, na Kwale nayo, isikubali kuachwa nyuma, ikatoa jengo Diani na kuapa kwamba mtandao wake haukatiki. Kampuni iliyokuwa ikibembelezwa ikajibu kwamba itaujaribu kwanza, saa nne hadi saa tano asubuhi. Ukikatika, wanahamia Kigali.

Mwinga, fundi wa waya wa mtandao, alikuwa roho juu. Binti yake Kadzo aliiandikia kampuni hiyo programu, na ikihama angehama nayo. Tangu mamake afariki walikuwa wawili tu nyumbani. Mwinga alimpenda mtoto huyo kupita kiasi wala hakuona haya kusema.

Saa nne na robo, akiikagua njia ya waya uendao Diani kwa pikipiki, alifika kwenye makaburi ya kando ya barabara, nje ya Kombani. Watu walikuwa wakichimba kaburi palepale ulipopita waya.

Na waya huo haukuwa chini sana. Amri ilikuwa uzikwe futi nne. Lakini walipochimba mtaro ilikuwa Ramadhani, jua kali, jiwe linavunja mipini, na vibarua wamefunga. Mwinga akawaonea huruma, uvivu wake nao ukamsaidia kuwahurumia, akauzika futi mbili na kutia saini kwamba ni nne. Hakuna aliyejua.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa," alisema Mzee Alamin, nduguye marehemu. "Afadhali umekuja. Tunazika baada ya adhuhuri, na hawa wamechoka." Akamtia jembe mkononi.

Makaburini hapa mtu hasimami kutazama. Mwinga aliteremka shimoni. Shimo lilikuwa limekwisha kumfika magotini. Akisema pana waya, watamuuliza mbona uko juu hivi, na kazi yake huenda ikaishia hapo. Akinyamaza, pigo moja la jembe na Kadzo kaondoka.

Akaliweka jembe chini.

"Mzee, msichimbe. Pana waya hapa. Niliuzika mimi, na niliuzika vibaya. Nilidanganya."

Mtu mmoja akasonya. Mzee Alamin alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Ungetuambia tusubiri, ningekufukuza. Maiti hacheleweshwi kwa sababu ya mtandao," alisema. "Lakini umesema kweli. Basi ufukue wewe mwenyewe, tuone unapopita. Kwa mikono."

Mwinga alipiga magoti akakwangua udongo na changarawe kwa vidole, huku wenye msiba wakimsimamia. Kila alipogusa mzizi alidhani ni waya, na kila dakika alimwona Kadzo akifunga sanduku. Mwishowe ukatokea, mweusi, mzima, shubiri moja tu kutoka pigo la mwisho la jembe. Wakalisogeza kaburi hatua mbili, Mwinga akachimba pamoja nao mpaka simu ilipolia.

"Baba! Haukukatika hata mara moja! Tunabaki!" Kadzo alikuwa akicheka na kulia. "Na wameuliza aliyeuzika waya huu ni nani, wanataka kumshukuru."

Mwinga alizitazama kucha zake zenye damu, kisha waya uliolala wazi kando ya kaburi.

"Waambie aliuzika vibaya, mwanangu," alisema. "Leo anauzika tena."