Ekstenda Katika Chumba cha Bibi

Yalinikuta Mabamba, kule Kibondo, saa tisa na nusu mchana, jua likiwaka. Usipotaka kuamini, acha. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo.

Mimi ni fundi wa kompyuta niliyejifunza kwenye simu. Sina cheti, ndiyo maana kila waya naukagua mara tatu, na nikilala bado nauwaza. Siku hiyo Mama Zawadi, fundi cherehani, aliniita kutoka Kasulu. Binti yake alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya mtandao saa kumi, na kompyuta yao ya mezani ilikaa chumba cha nyuma, ambako Wi-Fi ya sebuleni haikufika. Alikuwa amenunua ekstenda, kile kifaa cha kuchomeka ukutani ili kisogeze mawimbi, ikamshinda.

Ekstenda hukaa katikati. Katikati ya nyumba ile palikuwa na chumba kilichofungwa.

"Cha marehemu mama mkwe," alisema Mama Zawadi. "Ingia tu, dada fundi, ila umwamkie."

Nikacheka moyoni. Unajua sisi Waha tunavyoamkiana: unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya ng'ombe, na bado hujamaliza. Nami nimebakiwa na nusu saa! Nimwamkie nani, godoro? Nikaingia kimya, nikachomeka.

Taa nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nikaandika upya nenosiri, herufi moja moja. Nyekundu. Nilipogeuka, bibi mmoja alikuwa ameketi kitandani.

"Mwidiwe," akaniamkia, akapiga makofi. Viganja viligusana mbele ya macho yangu. Nakuapia, sauti haikutoka.

Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilitaka mlango. Mimi nikaikatalia.

"Umeingia kwangu kama mbuzi," akasema. "Toa hicho kidude."

"Sitoi, bibi."

"Husikii?"

"Nasikia. Nimekosa, nitakuamkia sasa hivi. Lakini mjukuu wako ana usaili saa kumi. Hiki hakitoki."

Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikauliza yote: nyumba, maharage, ng'ombe. Sikuruka hata moja. Alinitazama mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kichwa kigumu wewe! Haya, kibaki. Ila makofi uliyoninyima mlangoni, nayachukua."

Taa ikawa ya kijani. Kitandani hapakuwa na mtu.

Kompyuta ile haikuwa na Wi-Fi ndani yake, kwa hiyo nikavuta waya kutoka kwenye ekstenda hadi chumba cha nyuma. Dakika mbili kabla ya saa kumi, Zawadi alikuwa ameketi, anaonana na wasaili wake. Kazi aliipata.

Na mimi? Tangu siku ile viganja vyangu havitoi sauti. Kanisani wenzangu wakipiga makofi, mimi napiga hewa. Wapo wateja wanaonikwepa. Wakwepe. Hata leo nikirudishwa chumba kile, nitachomeka palepale.

Lakini wewe, ukiingia nyumba ya watu, hata kama saa inakukimbiza, maliza salamu kwanza ndipo ushike waya. Na ukikutana Kasulu na binti anayeinama kukuamkia, ukaona viganja vyake vinagusana na husikii kitu, usikimbie. Niitikie.