Na Chakula au Bila Chakula

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kumwuliza mtu. Mwanamke anayekutunzia bustani akikuomba usimpikie tena, umlipe pesa yake kamili, je, amekataa chakula au amekukataa wewe?

Nilikuwa nikiishi peke yangu katika nyumba ya shangazi, pembezoni mwa mji wa Voi, upande ule ambao ukifungua dirisha la jikoni unauona mlima wa Sagalla wote. Shangazi alikuwa amepata kazi ya uuguzi ng'ambo na hakutaka nyumba ikae tupu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na ofisi ya kwenda, kwa hiyo nilionekana nafaa. Kazi niliyokuwa nayo ni ya mtandaoni: natumiwa rekodi za mikutano ya watu nisiowajua, nazisikiliza, naziandika neno kwa neno. Kutwa nzima nilikuwa na sauti za watu masikioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinisemesha mimi. Kuna jioni nilikwenda dukani kununua mkate, nikafungua mdomo kusalimia, sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nilikuwa sijasema neno tangu jana yake.

Shangazi alipopiga simu aliuliza habari za maua kabla ya habari zangu. Sikumlaumu. Maua yalikuwa na hali mbaya kunishinda. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, ua wa miiba umeota hadi barabarani, mipapai imekunja majani kwa kiu. Maji ya bomba kwetu huja yakipenda, na yakija usiku lazima uwe macho ukinge.

"Tafuta mtu wa kukusaidia," shangazi akasema. "Nitakutumia kitu kidogo kila mwezi. Lakini usiniharibie hesabu."

Mtu mwingine angetafuta kibarua siku hiyo hiyo. Mimi nilianza kwa kusoma. Nilisoma kwenye simu viwango vya mishahara vya serikali, nikakuta vinazungumzia mtunza bustani wa mwezi mzima, si wa siku mbili kwa wiki. Nikagawanya, nikazidisha, nikapata jibu, halafu nikaanza kujiuliza kama siku ya kazi ya Voi, kwa jua lile, ni sawa na siku ya kazi ya mahali penye kivuli. Mwishowe nikaenda kumwuliza mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka pwani.

"Yategemea, mwanangu," akasema. "Na chakula au bila chakula?"

"Tofauti yake ni nini?"

"Bila chakula ni mia tano. Na chakula, mia nne. Ndivyo watu wafanyavyo hapa mtaani kwetu."

Jirani yangu, mama wa kutoka bara ambaye anafuga kuku wa kuuza, alikuwa amesimama pembeni akingoja chenji. "Na usianze kutoa mia sita kwa sababu umesoma," akaniambia. "Utatuharibia soko, halafu ukienda zako sisi tubaki na bei yako."

Nikacheka pamoja nao, nikarudi nyumbani nimeshachagua. Na chakula. Sikuwa na shaka hata kidogo, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Hapo lazima nieleze ninakotoka. Nimezaliwa Mahoo, upande wa Taveta, mahali penye mifereji na migomba, ambapo maji hupita shambani usiku na mchana. Sijawahi kuona mama yangu akiajiri mtu. Shamba likihitaji mikono, mama alipika sufuria kubwa, majirani wakaja na majembe yao, na wiki nyingine mama akabeba jembe lake kwenda kwao. Sufuria ile ndiyo ilikuwa asante. Aliyekula sana alisifiwa, aliyekula kidogo aliulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo niliposikia "na chakula" pale dukani, mimi niliiona ile sufuria ya mama. Nilidhani ni ukarimu unaoongezwa juu ya malipo. Haikunijia kabisa kwamba sahani ilikuwa na bei, na kwamba mwenye kuilipia ni yule anayeshika jembe.

Mwenye duka aliniletea mwanamke wa makamo kutoka chini ya mlima wa Sagalla, ambaye alikuwa akishuka kwa miguu kutafuta vibarua mjini. Alikuja na viatu vya mpira na panga lililofungwa ndani ya gunia. Nilimwuliza anataka kulipwa kiasi gani.

"Wewe toa tu, bosi. Mimi nitaangalia kama roho yako ni kubwa ama ni ndogo."

Jibu hilo lingenitosha kukosa raha mwezi mzima, lakini nilikuwa na langu tayari. "Mia nne na chakula," nikasema haraka.

Alitazama nyasi, akatazama ua. "Haya," akasema. "Bomba liko wapi?"

Siku ya kwanza, chakula kilipoiva, nilimpelekea sahani yake kwenye ngazi za mlango wa nyuma, nikarudi ndani na yangu. Niliona nikimkalia karibu nitamkosesha uhuru. Akaniita kutoka nje.

"Bosi! Kwani mimi niko na ugonjwa?"

Nikatoka na sahani, nikaketi ngazi ya juu yake. Halafu nikaona kukaa juu yake ni vibaya, nikashuka.

"Keti mahali pamoja," akasema. "Unanizungusha shingo."

Tangu siku hiyo tulikula pamoja kila Jumanne na kila Ijumaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na, kusema kweli, bustani hakuijua sana. Alipogoa ua ukabaki na mabonde. Maua ya shangazi aliyaita chakula cha mbuzi cha gharama. Lakini nyasi alifyeka, mipapai alibebea maji kwa mitungi, na wakati wa kula alinisimulia habari za kwao: watoto wake watatu, mdogo anayekataa kuvaa viatu, ndovu walioshuka wakati wa mavuno wakapita katikati ya mahindi yake kama watu walioalikwa. Nilimpikia kimanga mara moja, muhogo na maharage nikauponda kwa nguvu zangu zote. Alionja, akatafuna polepole.

"Huko chuo walikufundisha nini?" akauliza.

"Si kupika."

"Hiyo naona."

Akamaliza sahani yote. Nilifurahi siku mbili.

Nikaanza kuishi kwa Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine nilikula nimesimama, mkate na chai, nikitazama simu. Siku zake nilienda sokoni mapema, nikanunua kunde, nikanunua hata nyama. Nikianza kumwona anatazama jua, nilimwuliza swali jingine ili asinyanyuke. Nilijiambia kwamba namlisha vizuri, na kwamba mtaani pale hakukuwa na mwajiri mwema kama mimi.

Ijumaa moja, baada ya kula, alisuuza sahani mwenyewe pale bombani, akaiweka juani ikauke.

"Bosi, hii mambo ya chakula," akasema, "tuiwache. Nipe mia tano kama wale wengine."

Nilihisi uso ukiwaka. "Chakula changu ni kibaya?"

"Chumvi ndio kidogo. Lakini si hiyo."

"Ni nini basi?"

Alikuwa anafunga panga lake ndani ya gunia. "Hapa nakula mimi. Nyumbani tunakula wanne. Mahindi si nilikuambia yalienda na ndovu? Hiyo mia ni kilo ya unga, na kitu kidogo ya mboga. Hapa naimaliza peke yangu, na tena nashiba mpaka naona aibu nikifika kwangu."

Alilisema bila lawama, kama mtu anayekueleza njia. Ningeweza kumjibu papo hapo. Nilisema, "Acha nifikirie," naye akasema sawa, tutaongea Jumanne, akaenda.

Basi nikafikiria. Jumamosi niliamua kwamba amechoka na maswali yangu na unga ni kisingizio cha heshima. Jumapili asubuhi nilisikia nyimbo za kanisani kutoka ng'ambo ya reli, nikaamua kwamba la, anasema kweli, lakini kama chakula kingekuwa kizuri zaidi asingesema. Jumapili mchana nilimpigia mama simu Mahoo. Nilimweleza kwa kuzunguka, kama kwamba ni habari ya jirani.

"Ngoja," mama akasema. "Huyo jirani yako anamkata mtu pesa kwa sababu amempa chakula?"

"Hamkati. Ni bei mbili. Ya chakula na ya bila chakula."

"Na ya chakula ni ndogo."

"Ndiyo."

"Basi anamuuzia. Mtu ametoka kulima shamba lako, wewe unamuuzia ugali." Kisha akauliza, "Na wewe unakula na nani huko?"

Nikamwambia nakula vizuri tu. Mama hakuuliza zaidi, na nilijua amenijua.

"Mwambie ampe vyote viwili," akasema. "Pesa kamili na chakula."

Hilo lilikuwa jibu la mama, na kwa muda wa chai moja nililiona ndilo jibu. Mia zaidi kila siku anayokuja ningeweza kuitoa kwenye kazi yangu ya rekodi. Angepata unga wake, na mimi ningebaki na ngazi zangu za mlango wa nyuma. Lakini nilivyozidi kulipima ndivyo lilivyonikaa vibaya. Mwanamke yule hangekataa sahani aliyopewa bure na mtu anayemlipa. Kwao hakukataliwi chakula, na kwetu pia. Angekaa. Angeongea, angenichekesha, angeitazama njia ya Sagalla na jua likienda, huku akijua kwamba bosi ameongeza mia na bosi anapenda kusimuliwa. Angekuwa ananifanyia kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, nami nisingejua kamwe kama anacheka kwa sababu amependa kucheka. Nilikuwa nimekwisha kununua mchana wake kwa unga wa watoto wake bila kujua. Sasa ningekuwa nanunua kwa kujua.

Na upande wa pili wa mizani ulikuwa nini? Mimi tu. Mtu mzima mwenye shahada, anayeogopa kula peke yake. Ukiliweka hivyo linaonekana jambo la kuchekesha, lakini usiku ule wa Jumatatu halikunichekesha. Niliijua nyumba ile ilivyo siku ambazo hakuna mtu. Nilijua jinsi saa ya mchana inavyorefuka ukisikia kijiko chako mwenyewe.

Kabla ya kulala nilimwandikia shangazi kwamba malipo ya bustani yatakuwa mia tano kwa siku. Akajibu kwamba yeye atatuma kile kile, hiyo ya juu nitoe mwenyewe. Nikamjibu sawa.

Jumanne alikuja mapema kama kawaida. Sikuwasha jiko. Nilimfuata hadi kwenye mipapai kabla hajachota maji.

"Kuanzia leo ni mia tano," nikasema. "Bila chakula. Na ukimaliza kazi unaenda, hata kama ni mapema. Usinisubiri."

Alinitazama kwa makini. "Umekasirika?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Ni haki yako."

"Haya basi." Akainua mtungi. "Nitapiga moja kwa moja bila kukaa. Nikifika nyumbani na jua bado, nitashangaa mwenyewe."

Nikarudi ndani, nikavaa vidude vya masikioni, nikaandika maneno ya mkutano wa watu fulani kuhusu mabomba. Kupitia dirishani niliona panga lake likipanda na kushuka. Saa ya kula ilifika ikapita. Alikunywa maji bombani akiwa amesimama, akajipangusa, akaendelea. Mara mbili niliinuka kwenda mlangoni kumwuliza kitu, nikajiuliza ni kitu gani hasa, nikaketi tena.

Alimaliza muda mfupi baada ya saa saba. Nilimtumia pesa kwa simu tukiwa tumesimama pale getini. Akangoja hadi ujumbe ulipoingia, akausoma kwa kuisogeza simu mbali na macho, akaitia mfukoni.

"Imeingia. Tuonane Ijumaa, bosi."

"Tuonane Ijumaa."

Alikunja kona ya barabara akitembea haraka, gunia begani. Nikafunga geti, nikaingia jikoni, nikapima unga wa mtu mmoja.