Mabomba Meusi ya Naguru

Mabomba yale niliyachukua mimi, mchana kweupe, na sijutii hata kidogo.

Nilikuwa fundi wa mabomba, Mkenya, na karakana yangu ilikuwa Kampala, karibu na mtaa wa maduka wa Kikuubo. Siku moja afisa wa jeshi akaniita kwake, mtaa wa Naguru. Alikuwa amejipatia nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa, yenye bwawa la kuogelea, na maji yalimshinda kwa baridi. Hita ya umeme ilikuwa imeungua na vipuri havikuwepo. Nikamwambia zimebaki njia mbili: kuchemsha kwa kuni, avumilie moshi, au jua. Jua lilihitaji mabomba ya chuma yapakwe rangi nyeusi, yalazwe juu ya paa, na pampu ipitishe maji humo yarudi bwawani yakiwa vuguvugu.

"Jua," akasema. "Jua iko bure."

"Mabomba hayako bure, Afande. Madukani hamna hata moja."

"Hiyo wachia mimi."

Kesho yake lori likamwaga mabomba uani. Nikaokota moja, nikaligeuza. Mwishoni palikuwa na katani niliyoizungusha mwenyewe ili maji yasivuje, na kando yake mikato mitatu ya tupa, alama ninayoiweka kwenye kila kazi yangu. Lahaula! Yalikuwa mabomba ya wodi ya wazazi kule Old Kampala. Binti yangu alizaliwa humo. Yaani wanawake wajifungue bila tone la maji, ili mtu mzima aogelee bila kutetemeka! Hasira ilinipanda. Nikaweka spana chini.

Afisa akatoka na taulo kiunoni. "Fundi, kwa nini hapana funga?"

"Haya ni ya wodi ya wazazi, Afande. Yarudishe, nitayafunga kule bure."

"Wewe hapana ogopa mimi?"

"Nakuogopa sana. Lakini sifungi."

Nilikaa mahabusu siku nne, na meno yangu mawili yalibaki huko. Fundi mwingine akaifanya ile kazi. Simlaumu, kila mtu na roho yake. Mke wangu akanisihi turudi kwetu. Nikamwambia siendi popote kabla mabomba hayajarudi wodini, ambako wakunga walikuwa wakichota maji bondeni kwa madebe. Akasema kichwa changu ni kigumu kuliko chuma, na hakukosea. Kila nilipopita Naguru niliyatazama yale mabomba juu ya paa, nikayaambia yaningoje.

Serikali ile ya wanajeshi ilipoanguka, afisa alitoroka hata viatu hakuvaa. Watu walibeba magodoro na redio zake. Mimi nilipanda paani na spana yangu. Jirani mmoja akanipigia kelele, "Sebo, bwana, na wewe unaiba?"

"Naiba, ndiyo!" nikamjibu. "Njoo unishikie ngazi!"

Akaja, akashika.

Rangi sikuikwangua. Niliyalaza juu ya paa la wodi vilevile, meusi, nikayaunga na tangi. Siku ya pili, mchana, nikamwita mkunga mkuu afungue mfereji. Akaweka mkono kwenye maji, akautoa upesi, akaurudisha.

"Nani amechemsha?" akauliza.

"Hakuna. Mlete mtoto aogeshwe."