Vidole Vitatu vya Chiriku

Ukitaka kugombana na dada yangu, mwambie akadirie. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haitoki shingoni. Hata kanisani amewahi kwenda nayo akasahau. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Dada ndiye aliyenilea, akanisomesha mpaka nilipoamua mwenyewe kwamba mimi na shule basi. Sasa hivi naziba pancha pale kona, na hasira zangu kila mtu anazijua.

Siku moja alikuja mama mmoja na gauni lake la zamani. Akasema, "Nishonee kama hili, usinisumbue na kupima."

"Vua koti, simama hapa," dada akamjibu.

"Si nimekuletea gauni?"

"Gauni linakujua wa mwaka juzi. Mimi nataka wa leo."

Yule mama alinuna, lakini akapimwa. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi tatu. Tulicheka wiki nzima.

Ndiye huyo dada yangu. Alichonifanyia, angekuwa mtu mwingine, tungemalizana siku ileile.

Ana mtoto mmoja, wa kike, miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea hata redio inaona aibu. Chiriku ana ugonjwa wa viungo, ule ambao watu wanadhani ni wa wazee tu. Ulimwanzia magotini, ukaja vidoleni. Vidole vikavimba vikawa kama ndizi, asubuhi hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Kila wiki anachomwa sindano ya dawa nyumbani. Dada anamshika miguu, mimi namshika mikono, na kila tukimaliza natoka nje kupiga teke ukuta.

Halafu mwezi wa pili tukagundua anatafuna upande mmoja. Daktari wa viungo akatutuma kwa daktari wa kupanga meno, mwanamke mmoja mfupi, mpole, anaongea taratibu. Akamwambia Chiriku afungue mdomo. Mdomo ukaenda upande kama droo iliyotoka kwenye reli.

"Ugonjwa umeingia kwenye kiungo cha taya," akatuambia, akagusa mbele ya sikio la mtoto. "Hiki hakivimbi ukaona, na mara nyingi hakiumi. Kinaharibika kimyakimya. Taya la kushoto limeacha kukua, la kulia linaendelea, ndiyo maana kidevu kinavutwa upande."

Akamtengenezea kibao cha plastiki ngumu cha kuvaa kwenye meno, upande wa kushoto kimenyanyuliwa kidogo ili taya lipate nafasi ya kukua. Lakini akasema kitu kimoja mara mbili, tena akimtazama dada machoni: kibao hakifanyi kazi kama kiungo kinawaka ndani. Na huwezi kujua kinawaka kwa kuangalia. Unajua kwa kupima mdomo unafunguka kiasi gani.

Akampa dada rula ndogo ya karatasi na kadi. Kila Jumapili apime kutoka jino la juu mpaka la chini, aandike. Siku ile ilikuwa milimita thelathini na sita.

"Kila mwezi piga picha kadi mtutumie. Hesabu ikisimama, hamna haja ya kuja kupanga foleni, tutaonana baada ya miezi sita. Ikishuka milimita tatu, msisubiri tarehe. Njooni kesho yake. Huenda tukamchoma sindano kwenye kiungo chenyewe."

Nikacheka moyoni. Kumpa Mama Futi kazi ya kupima! Ni kama kumwomba samaki aogelee.

Kadi ikatundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Nilikuwa naipita kila siku. Thelathini na sita, thelathini na sita, thelathini na sita, mwandiko wa dada, kalamu ya bluu. Na mtoto alikuwa anapata nafuu kweli, tangu zile wiki za mwanzo. Mwezi wa sita anafunga vifungo mwenyewe. Mwezi wa saba vidole vimekuwa vyembamba, anashika sindano ya kushonea, anamsaidia mama yake kutia uzi.

Ndipo fundi viatu, jirani yangu pale kona, akanitafutia balaa. "Kijana," akasema, huku anapiga gundi soli, "yule mtoto wenu mbona kidevu kinazidi kwenda upande? Mama yake anamwangalia kweli, au yuko kwenye mashine tu?"

Nilimrukia. Nilimshika shati mpaka vifungo viwili vikaruka kwenye mtaro. Nikamwambia dada yangu anapima huyo mtoto kila wiki kwa milimita, wewe unayekata soli kwa macho utamfundisha nini? Watu wakatuamua.  Fundi viatu akaokota vifungo vyake akaendelea kupiga gundi.

Miezi sita ikafika. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, dada kazidiwa na sare, akaniambia, "Mpeleke wewe, mdogo wangu. Kadi hii hapa." Hakunitazama, lakini nikadhani ni uchovu tu.

Daktari akapima. Akapima tena. Akachukua kadi.

"Hapa pameandikwa thelathini na sita. Mimi napata ishirini na tisa."

"Pima tena, daktari," nikasema.

"Nimepima mara mbili."

"Basi rula yako mbovu! Dada yangu ni fundi, hakosei nusu inchi, atakosea kinywa cha mwanawe?" Nilipaza sauti. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima la nje likageuka kutuangalia.

Daktari hakukasirika. Alimwuliza Chiriku, "Mama huwa anapimaje?"

"Hivi," Chiriku akasema, akatia vidole vyake vitatu mdomoni, vimesimama kimoja juu ya kingine. Akavitoa. "Vikiingia vyote, thelathini na sita. Huwa vinaingia! Hata leo vimeingia, umeona, mjomba?"

Daktari akashika ule mkono, akaugeuza polepole. Akafungua faili, akatoa picha ya mikono ileile ya mwezi wa pili. Ndizi tatu. Akaiweka mezani karibu na vile vidole vyembamba.

"Vidole vimepona," akasema. "Mdomo ndio unaofunga."

Mimi sijasoma, lakini hilo nililielewa bila kuelezwa. Tulikuwa tunapima kwa rula inayopungua.

Nikauliza, sasa je? Akasema kibao asikivae kwanza. Dawa inabadilishwa, sindano ya kiungo inachomwa wiki hiyohiyo, halafu kiungo kikipoa wanatengeneza kibao kipya. "Bado anakua, nafasi ipo. Lakini hii miezi sita hairudi, na siwezi kuahidi pande zitalingana. Akiwa mkubwa huenda akahitaji upasuaji."

Chiriku hakuongea njia nzima. Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza, "Mjomba, nilipima vibaya?"

"Si wewe," nikasema. "Wewe hujakosa kitu."

Dada alikuwa kwenye mashine, pini nne mdomoni, sketi za shule zimerundikana mpaka kiunoni. Nikamtuma Chiriku kwa jirani. Nikaiweka kadi juu ya kitambaa, sindano ikaikosa kidogo tu.

"Rula iko wapi?"

Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kijimto. Akavuta droo. Ilikuwa mle, chini ya vifungo.

"Uliitumia lini mara ya mwisho?"

"Wiki ya tatu." Akaisukuma droo ikafunga. "Ya kwanza ilisema thelathini na tano. Ya pili thelathini na nne. Ya tatu thelathini na tatu. Nikapima tena, ileile. Chiriku alikuwa anatetemeka, alisikia habari ya sindano. Akasema, mama, jaribu vidole. Siku ya kwanza kwa daktari vidole vitatu vilikuwa vinaingia. Nikajaribu, vikaingia. Nikasema basi, hiki kikaratasi kimevutika."

"Na kadi?"

"Niliandika upya tangu mwanzo. Ile ya kwanza niliichana."

Nilitegemea atasema hakujua. Wallahi, nilikuwa nimeshaandaa msamaha wa mtu asiyejua.

"Wewe!" nikasema. "Wewe unayemvua mteja koti! Nimemvunja mtu vifungo kwa ajili yako. Nimemwambia daktari rula yake mbovu mbele ya watu!"

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kila wiki tunamshika kama mbuzi. Nilitaka sehemu moja tu ya mwili wa mwanangu isiwe na neno."

"Ungeniambia."

"Ungepiga kelele."

"Ndiyo, ningepiga! Na mtoto angekuwa hospitali tangu mwezi wa tatu!"

Akaanza kulia, kichwa kimeegemea kwenye mashine. Kila alipolia huko nyuma nilikuwa namletea maji. Siku hiyo sikuleta. Nilitoka nikaenda kona, nikamwambia fundi viatu nitamnunulia shati. Akasema, "Acha shati. Mtoto je?" 

Sindano alichomwa Alhamisi. Nilimshika mkono mimi, dada akasimama mlangoni, hakuthubutu kusogea.

Jumapili nikaosha mikono na sabuni ya kutolea grisi, nikatoa rula mpya na kadi mpya. Chiriku akakaa kwenye kiti cha wateja. Akafungua mdomo, macho kayafumba. Dada akaja mpaka usawa wa meza, futi shingoni.

"Ngapi?" akauliza.

 Nikaacha rula palepale kwenye meno ya mtoto.

"Njoo usome mwenyewe."

Akainama. Alichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mistari midogo kiasi kile. Chiriku akaanza kutokwa na mate.

"Ishirini na tisa," dada akasema.

"Kwa sauti."

"Ishirini na tisa!"

Akanyoosha mkono ili aandike. Niliisogeza kadi upande wangu. Mwandiko wangu mbaya, kama kuku amekanyaga wino, lakini niliandika. Kalamu nikaitia mfukoni mwangu.