Yowe la Mchana

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, na lambo letu, upande wa Tinde, lilikuwa limebomoka ukingo. Nilikuwa karani wa baraza la mtemi. Hazina iliweza jambo moja tu: kuajiri mafundi wa kuziba lambo, au kumlipa askari wetu mwaka mwingine. Na wezi walikuwa bado wanaswaga ng'ombe kuelekea machimbo ya Geita, ambako nyama haikukosa mnunuzi.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alitaka lambo.

"Mtemi, ng'ombe akifa kwa kiu au akiibwa, zizi ni tupu vilevile. Askari apumzike. Tutalindana kwa mwano, kama baba zetu."

Mwano ni yowe la hatari. Kwa desturi ya Usukuma, anayelisikia hukimbilia linakotoka, fimbo mkononi. Anayebaki nyumbani hutozwa mbuzi, nao waliokwenda humla.

Mjane mmoja, ambaye zizi lake lilikuwa la mwisho kabla ya pori, akapiga magoti.

"Mtemi, sina mwanamume nyumbani. Huyo mnayempumzisha ndiye usingizi wangu. Kabla hamjamwondoa, nipeni ruhusa nipige mwano mchana mmoja, nione nani atakuja."

Mwanangwa akacheka. "Watakukanyagia mihogo yako yote, mama."

"Na waikanyage, baba. Nitashukuru."

Mtemi akakubali, akatuonya tusimwambie mtu.

Siku ya pili yake mimi na mwanangwa tuliketi uani kwa mjane. Akasimama mlangoni, akapiga yowe lililonisisimua hata mimi niliyejua. Askari alifika wa kwanza, anahema, shati halijafungwa vifungo. Nyuma yake wakaja wanawake wawili na michi yao, na mzee mmoja anayechechemea. Basi. Mwanangwa aliitazama njia mpaka kicheko kikamwisha.

Tukaenda kilabuni. Vijana walikuwa wamekaa na vibuyu vyao.

"Hamkusikia mwano?"

"Tulisikia, baba. Tukamwona askari anakimbia. Yeye analipwa kukimbia. Sisi twende kumsindikiza?"

Aliyejibu alikuwa mwanawe mwenyewe. Sikuona dharau usoni mwake. Alidhani amejibu vizuri. Jioni ile mwanangwa alimtoa mbuzi wa kwanza zizini kwake, na wale wanawake wawili, mzee na askari wakamla.

Mtemi aliamua askari alipwe hadi mavuno, lakini kazi yake iwe kuwarudisha watu kwenye mwano. Lambo wanakijiji wakaliziba wenyewe kwa ngoma, kama walimavyo mashamba. Askari alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha vijana nani azibe njia ipi, na kila aliyemfundisha vizuri alimsogeza yeye mwenyewe karibu na kuachishwa kazi. Alilijua hilo. Nilimwuliza, akasema, "Sasa nifundishe vibaya?"

Karibu na mavuno wezi walikuja kweli, alfajiri. Mjane akapiga yowe. Nilipofika, uwanja ulikuwa umejaa fimbo na ng'ombe wote walikuwa zizini. Askari alifika baada yangu.

"Leo umechelewa, mwanangu," mjane akamwambia.

"Njia ilijaa watu, mama."

Barazani mtemi hakumwuliza mwanangwa. Alimwuliza mjane kama askari aachishwe kazi sasa.

"Atoke kwenye hazina," mjane akasema. "Kijijini asitoke. Upande wangu wa pori kuna nafasi ya nyumba."

Askari alijenga huko, na mihogo ya kupanda alipewa na mjane.